Kulaza Chuma Kwenye Kona

Simama kwenye kona yoyote ya barabara inayoshuka kutoka vilima vya Bukoba kwenda mjini, saa mbili asubuhi, uangalie vyombo vinavyopita. Bodaboda inakuja na abiria, na nyuma ya abiria umefungwa mkungu wa ndizi. Kabla ya kona dereva anapunguza mwendo kidogo, kisha pikipiki nzima inalala upande wa ndani, yeye, abiria na ndizi kwa pamoja, na kona ikiisha inasimama tena. Nyuma yake inafuata bajaji. Hiyo hailali. Dereva wake anakanyaga breki mapema, anaegemeza kiwiliwili ndani ya kona, na tairi la nyuma la upande wa ndani linapungukiwa uzito hadi unaona linagusa lami juu juu tu. Akizidisha mwendo kidogo, litaachia.

Tofauti hiyo ina hesabu yake. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, ukiipita kwa kilomita 30 kwa saa, inataka chombo kilale nyuzi 20 hivi ili uzito wote ushukie sawasawa kwenye matairi. Kwa kilomita 40 kwa saa inataka nyuzi 32. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayosukuma nje inakuwa mara nne. Pikipiki huzipata nyuzi hizo kwa kulala. Bajaji haina njia ya kuzipata, hivyo hutegemea upana wake wa nyuma na mguu wa dereva kwenye breki.

Kwa zaidi ya nusu karne wamekuwepo mafundi waliotaka vyote viwili: matairi matatu yanayosimama yenyewe foleni ikisimama, na mwili unaolala kwenye kona. Umeme umeipa kazi hiyo nguvu mpya, kwa sababu chombo chembamba na chepesi kinahitaji betri ndogo, na betri ndiyo inayokula fedha. Nataka kuieleza kazi ya kuunda mfano wa kwanza wa chombo cha aina hiyo, hatua kwa hatua, kwa vifaa vinavyopatikana katika karakana za kuchomelea kama tulizonazo hapa Buhembe, mjini Bukoba, na kwa kufuata nyayo za waliotangulia. Ni kazi ambayo ukiitazama kwa karibu unagundua kwamba karibu yote imo ndani ya kiungo kimoja.

Mtu wa kwanza wa kumtaja ni Mwingereza George Wallis. Miaka ya 1960 alikuwa akihangaika na baiskeli ya moto ya matairi matatu iliyokatwa vipande viwili. Kipande cha nyuma kilibeba injini na matairi mawili, na kilibaki kimesimama wima barabarani. Kipande cha mbele kilibeba usukani, kiti na dereva, na kililala kwenye kona kama pikipiki ya kawaida. Vipande hivyo viwili viliunganishwa na bawaba moja chini ya kiti. Kampuni ya BSA ilikitoa chombo hicho mwaka 1970 kwa jina la Ariel 3, na sokoni kikaanguka vibaya. Wallis hakuliacha wazo lake. Kampuni ya Honda ililinunua kwa leseni, ikatoa Stream mwaka 1981 na Gyro X mwaka 1982, na Gyro imeendelea kutengenezwa miaka yote hiyo, ikibeba barua na chakula katika miji ya Japani. Mwaka 2021 Honda ilitoa Gyro ya umeme. Kipande cha nyuma bado hakilali, cha mbele bado kinalala, na kati yao bado kuna bawaba.

Fundi anayeanza leo huanza na kadibodi na plaiwudi. Anakata umbo la chombo kwa ubavu, kwa vipimo vyake halisi, analiegemeza ukutani na kuchora juu yake mstari wa mhimili ambao mwili utauzunguka unapolala. Mstari huo unaonekana mdogo kwenye mbao, lakini ndio unaoamua tabia ya chombo kizima. Ukiwa juu sana mbele, tairi la mbele litasogea pembeni kila mwili unapolala, na dereva atahisi barabara inamkimbia. Ukielekezwa chini hadi ukaribie pale tairi la mbele linapogusa ardhi, tairi linabaki mahali pake. Ukiinamishwa kupita kiasi, matairi ya nyuma yanaanza kujipinda yenyewe kila chombo kinapolala, kana kwamba kuna dereva wa pili nyuma. Nyuzi mbili tatu tu zinatosha kuleta tofauti. Kwa hiyo fundi mzuri hachomelei kitu chochote siku hiyo. Anachora mstari, anaufuta, anauchora tena. Mbao ni rahisi kukata mara ya pili kuliko chuma.

Halafu anakuja kwenye kiungo chenyewe. Bawaba tupu ingeuacha mwili uanguke ubavuni mara chombo kinaposimama. Springi mbili, moja kila upande, zinasaidia, lakini zina kelele na zinataka nafasi. Wallis alitumia kiungo cha mpira kilichobuniwa na Neidhart wa Uswisi, na mpaka leo sijaona jibu zuri kuliko hilo kwa karakana isiyo na mashine kubwa. Chukua bomba la mraba la chuma kinene ambalo ndani lina milimita 70. Ndani yake pitisha nondo ya mraba ya milimita 40, lakini igeuze nyuzi 45, ili pembe zake zielekee kwenye kuta za bomba na siyo kwenye pembe za bomba. Sasa kuna nafasi nne zilizobaki, moja katika kila pembe ya bomba, na kila moja inaweza kupokea mpira wa mviringo wa kipenyo cha milimita 24 hivi. Fundi anakata mipira minene kidogo kuliko hapo, milimita 27 au 28, ili ikiingia iwe imebanwa tayari.

Kuiingiza ndiyo kazi. Viwandani mipira ya namna hii hugandishwa kwanza kwa naitrojeni ya maji, ikasinyaa na kuwa migumu, ikapenya kwa urahisi, kisha ikarudi kwenye unene wake ndani ya bomba. Karakana ya kawaida haina naitrojeni. Fundi anachonga ncha za mipira ziwe nyembamba, anapaka maji ya sabuni, na siyo grisi, maana grisi ya mafuta hula mpira, kisha anaivuta yote minne kwa pamoja, kidogo kidogo, akitumia bolti ndefu yenye nati na sahani ya chuma mwisho wake. Anazungusha spana robo mzunguko, anasimama, anachungulia ndani kwa tochi kuona kama kuna mpira uliojisokota. Kama upo, anarudisha nyuma na kuanza tena. Ukiwa na haraka mpira mmoja utakatika ndani, na hutajua mpaka chombo kiwe barabarani kikilala upande mmoja kwa wepesi na upande wa pili kwa ugumu.

Kikikamilika, kiungo hicho hakina beringi wala tone la mafuta. Nondo ya ndani ikizunguka, mipira minne inabingirika na kubanwa kwa wakati mmoja. Nyuzi tano za kwanza zinakuja kwa ulaini. Za kumi na tano unazisikia mkononi. Ikifika nyuzi 30 mipira imejaa, haiendi tena, na ukiachia inaurudisha mwili katikati bila kutikisika. Hapo hesabu ya kona inarudi: kama kiungo chako kinaishia nyuzi 30, basi kona ile ya mita 20 haipitiki kwa kilomita 40 kwa saa. Kiungo ndicho kinachompangia dereva mwendo wake, na fundi anapaswa kujua hivyo kabla ya kununua mota.

Fremu inafuata, na hapa karakana za Buhembe ziko nyumbani kabisa. Fundi aliyezoea kutengeneza mageti na madirisha anajua jambo ambalo vitabu hulieleza kwa maneno mengi: chuma kikichomelewa kinavutwa. Weld inapopoa inasinyaa, na inakokota bomba kuelekea ilipo. Ndiyo maana mchomeleaji mzuri hafungi kiungo kimoja moja kwa moja. Anashikiza kwanza nukta nukta, pembe hii, kisha pembe iliyo mkabala nayo. Anaweka pimamaji. Anavuta tepu mshazari, kutoka kona hadi kona, halafu mshazari wa pili, na vipimo vikitofautiana hata milimita tatu anapiga nyundo pale pale, wakati nukta bado ni chache na chuma bado kinasikia. Akisharidhika anachomelea vipande vifupi, akihama upande mmoja kwenda wa pili ili moto uvute sawa pande zote. Kwa geti, kosa la milimita tatu huishia kwenye komeo gumu. Kwa chombo kinacholala, kosa hilohilo kwenye mhimili linamaanisha kwamba mwili hautasimama wima kamwe, na dereva atashika usukani akivuta upande mmoja siku nzima.

Moto na chuma si mambo mageni kwa Buhaya, nchi hii ya Wahaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya tanuri za chuma za Kagera zenye umri wa miaka kati ya 1,500 na 2,000. Sehemu ya ushahidi wao ilitoka kwa wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma wakiwa vijana: walijenga tanuri upya kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya kinamasi ndani ya shimo, wakapuliza kwa mivukuto, na wakaikumbuka kazi hiyo hatua kwa hatua baada ya kuiacha kwa miongo mingi. Nawataja wazee hao kwa sababu kazi yao ilikuwa ya aina moja na hii ninayoieleza: kusubiri, kutazama rangi ya moto, kutoharakisha pumzi ya mvukuto.

Uchaguzi wa matairi ni mfupi lakini una akili yake. Tairi la mbele linalala, kwa hiyo lazima liwe la pikipiki, lenye uso wa mviringo, 2.75-17 ya pikipiki za kawaida za bodaboda inafaa na inapatikana kila duka. Matairi ya nyuma hayalali, kwa hiyo yanaweza kuwa ya bajaji, 4.00-8, mafupi na yenye uso bapa. Ukiweka tairi bapa mbele, chombo kitapanda juu ya ukingo wa tairi kila kinapolala.

Kabla ya mota, kabla ya waya hata mmoja, chombo kinasukumwa. Fundi anatafuta mteremko mpole wa murramu, anafunga mfuko wa mchanga wa kilo 70 kwenye kiti, na vijana wawili wanakimbia kando yake wakiwa wameshika kamba. Hapa ndipo mstari uliochorwa kwenye plaiwudi unasema kweli au uongo. Mfuko wa mchanga hauna woga wala mazoea, hauegemei upande wowote kwa hila. Kama chombo kinakwenda wima na kikisukumwa kidogo ubavuni kinarudi, mhimili uko sawa. Kama kinaanza kuyumba huku na huku, kila mara zaidi ya mara iliyopita, kuna kitu hakijakaa: pengine pembe ya uma wa mbele, pengine mpira laini mno. Fundi anarekebisha kitu kimoja tu, anasukuma tena. Vitu viwili kwa mpigo vingemnyima jibu.

Sasa tufike kwenye mikono ya dereva, sehemu ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote na ambayo wengi huiacha mwisho. Kwa nini usukani wa pikipiki usitoshe? Kwa chombo cha wazi unatosha. Lakini Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu anayeunda chombo cha mji huu atataka paa, kioo cha mbele na kiti cha kuegemea, dereva akae chini akiwa amenyoosha miguu. Ukikaa hivyo, usukani mrefu wa mbele unakuzuia kuingia na kutoka. Clive Sinclair aliukabili ugumu huo mwaka 1985 alipotoa C5, chombo kidogo cha umeme cha matairi matatu kilichokwenda kilomita 24 kwa saa: aliuweka usukani chini ya mapaja, mikono ikining'inia kila upande wa kiti. C5 haikulala kwenye kona na biashara yake haikufika mwisho wa mwaka huo, lakini mikono ile ya chini ilikuwa mahali pazuri, na nasikitika kwamba ilizikwa pamoja na mengine.

Frank Winchell wa General Motors alikwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chombo walichokiita Lean Machine, aliwapa kazi miguu: dereva alilaza kibanda chake kwa kukanyaga pedali, huku sehemu ya nyuma yenye injini ikibaki wima. Waholanzi Chris van den Brink na Harry Kroonen, walioanza kazi yao miaka ya 1990, waliona kwamba dereva asiulizwe kabisa. Gari lao, Carver, lilikuwa na usukani wa kawaida wa gari, lakini nguvu ya mkono iligawanywa njia mbili. Chombo kikienda polepole, tairi la mbele ni jepesi kugeuka, kwa hiyo mkono unaligeuza tairi. Mwendo ukipanda, tairi linakaza, linakataa kugeuka, na nguvu ileile ya mkono badala yake inafungua vali ya mafuta inayolaza kibanda, hadi nyuzi 45. Mgao huo ulifanywa na vyuma na mafuta yenyewe. Tairi kwa ukaidi wake ndilo lililoamua. Nimeirudia michoro ya utaratibu huo mara nyingi na bado unanipa furaha. Toyota nao mwaka 2013 walionyesha i-Road huko Geneva, ambayo hulala kwa mota inayoinua tairi moja la mbele na kushusha la pili, na hugeuka kwa tairi la nyuma. Anayeiondoa ikiwa imeegeshwa karibu na ukuta lazima akumbuke kwamba mkia wake utaufuata ukuta.

Fundi wetu hana vali za mafuta wala kompyuta. Anacho chombo kinacholala kwa uhuru, na dereva anayejua pikipiki. Na dereva wa pikipiki ana elimu mikononi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuieleza: kwa mwendo wa kutosha, ili aende kushoto, anasukuma mkono wa kushoto mbele. Tairi linakwenda kulia kidogo sana, pikipiki inaangukia kushoto, na kona inaanza. Muulize atakwambia anageuza usukani kushoto. Mikono yake inafanya kinyume kila siku.

Kwa hiyo mikono miwili ya chuma ikiwekwa kando ya mapaja, swali la kwanza ni kipi kiwe kusukuma na kipi kiwe kuvuta. Ukikosea mpangilio, unamlazimisha mtu apigane na mazoea ya miaka. Mhandisi wa Marekani Destin Sandlin alipewa baiskeli yenye usukani uliogeuzwa kinyume, na ilimchukua miezi minane kuweza kuiendesha. Dereva wa bodaboda mwenye mkopo wa kulipa hana miezi minane. Chombo kinachotaka mikono mipya lazima kiheshimu mikono ya zamani.

Angalia jinsi fundi anavyolishughulikia hili. Anatengeneza kiti cha mbao, anakiweka sakafuni, anachomelea mikono miwili ya bomba kwenye vipande vya chuma vinavyoshikwa na bolti, ili iweze kusogezwa. Anawaita watu wa vimo tofauti wakae: mrefu, mfupi, mnene, mama aliyevaa kitenge. Anatia alama ya chaki mahali kila kiwiko kinapofika. Kisha mikono hiyo anaiunganisha na uma wa mbele kwa tairodi mbili na boljointi zake, lakini katikati anaweka kipande cha bapa chenye matundu matano kwa mstari mmoja. Tundu la juu linafanya mkono wa dereva uende mbali na tairi ligeuke kidogo. Tundu la chini linafanya kinyume chake. Anaanza na la juu kabisa, lile la kivivu, na majaribio yakionyesha kwamba dereva anapaswa kusukuma mno, anashuka tundu moja. Kila boljointi anaishika kwa vidole na kuitikisa. Ulegevu wa nusu milimita katika kila kiungo, viungo vikiwa sita, unakuwa ulegevu wa milimita tatu mkononi, na kwa chombo kinachotegemea msukumo mdogo wa kiganja ulegevu huo ni upofu.

Pembeni ya mkono wa kushoto anaweka wenzo mfupi wa kufunga kiungo, ili chombo kisilale kikiegeshwa au kikisimama mlimani kimejaa mzigo. Gyro nayo ina kifungo cha namna hiyo. Fundi anakizuia kwa waya wa breki na springi, kisha anaongeza swichi: kifungo kikiwa kimefungwa, mota haipati umeme kabisa. Asije mtu akaingia kwenye kona na mwili uliofungwa.

Umeme wenyewe, kwa kuwa watu wengi huudhani kuwa ndio moyo wa kazi, nitaupitia kwa haraka zaidi. Chombo na dereva wakiwa kilo 250, kwenye njia tambarare kwa kilomita 25 kwa saa mota inahitaji kama wati 400. Kwenye mlima unaopanda mita 8 katika kila mita 100, kwa mwendo uleule, inahitaji wati 1,750 hivi. Milima yetu ndiyo inayochagua mota. Betri inakaa kwenye kipande cha nyuma kisicholala, chini kadiri inavyowezekana, kati ya matairi. Wakati wa kuunganisha kontrola ya mota fundi anavua saa na pete, anafunga mpini wa spana kwa utepe mweusi, na hagusishi waya wa betri moja kwa moja: kapasita za ndani zikijaa ghafla zinatoa cheche inayokula ncha ya plagi. Anapitisha umeme kwanza kwenye rezista, anahesabu sekunde chache, ndipo anafunga. Kila kiungio anakielekeza mdomo chini, na kila waya anauacha na tumbo kidogo kabla haujaingia kwenye boksi, ili maji ya mvua yadondokee hapo na siyo ndani. Jambo moja la hapa kwetu: anayelala mlimani akichaji usiku kucha na asubuhi akateremka mjini, betri yake imejaa, na mota haiwezi kurudisha umeme kwenye betri iliyojaa. Breki za kawaida zitabeba mteremko wote peke yake. Fundi anaongeza ukubwa wa ngoma za nyuma, au anaagiza chaja iishie asilimia 85.

Kazi za namna hii zimefanyika karibu yetu. Ukivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na kufika Kampala unakuta Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho vijana wake walishiriki kuunda gari la Vision 200 lililoonyeshwa Turin mwaka 2008, wakarudi nyumbani na kuunda Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, mwaka 2011. Basi lao la Kayoola lilitoka mwaka 2016. Ukiitazama miaka hiyo bila haraka unaona watu walewale wakirudia hesabu zilezile za uzito na betri kwa miaka minane.

Siku ya kona inafika baada ya haya yote. Uwanja mpana, koni zimepangwa kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 20, dereva ana kofia na jaketi nene. Mzunguko wa kwanza ni wa kilomita 10 kwa saa, na mwili haulali karibu kabisa, mpira unaushikilia. Kwa 15 unaanza kukubali. Kwa 20 dereva anasukuma kiganja cha kushoto, na kipande cha mbele kinaangukia ndani ya duara bila papara huku cha nyuma kikikimbia wima juu ya matairi yake mawili, kama mvuvi anayejiinamisha huku mtumbwi wake umetulia majini. Fundi hatazami hapo wanapotazama watu wengine. Amechuchumaa, jicho lake liko kwenye tairi la nyuma la ndani. Ameweka mstari wa chaki kuzunguka uso wa tairi, na anataka kuona chaki ikifutika sawasawa pande zote mbili. Ikifutika upande mmoja tu, uzito haushuki wima, na kuna nyuzi ambazo hazijapatikana.

Baada ya mizunguko ya kushoto inakuja ya kulia, kwa idadi ileile. Kisha mzigo: kilo 20 nyuma, 40, 60, halafu mzigo umewekwa makusudi upande mmoja, maana hakuna atakayepakia ndizi kwa pimamaji. Jioni kiungo kinafunguliwa. Mipira minne inatolewa na kupangwa mezani, kila mmoja umeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na unapimwa unene kwa kalipa katika ncha mbili na katikati. Wa pili umechubuka karibu na ncha kwa sababu ukingo wa bomba haukupigwa tupa vizuri. Boljointi ya kulia imelegea. Tundu la tatu kwenye kipande cha bapa ndilo dereva alilolipenda, lakini aliomba mikono isogee nyuma upana wa vidole vinne. Fundi anaandika hayo yote kwenye daftari, anachukua kipande kipya cha bomba la mraba, na kabla ya kukikata anakaa kwenye benchi akianza kukipiga tupa ukingo wake wa ndani.